Homa ya Mama Katika Wiki ya Kujifungua

Mtoto aliye tumboni hupata chakula na hewa kwa njia ya kondo la nyuma. Kondo hilo ni mfano wa bawabu mlangoni: hupitisha chakula na kinga kutoka kwa mama, na huzuia vijidudu vingi vya maradhi. Hata hivyo vipo virusi vinavyomshinda bawabu huyo, na kila aina ina njia yake na wakati wake.

Virusi vya UKIMWI huweza kupita mtoto akiwa tumboni, wakati wa kuzaliwa, na hata kwa maziwa ya mama. Mama asipotibiwa, watoto kati ya 15 na 45 katika kila 100 huambukizwa. Mama anapotumia dawa barabara, huwa chini ya 5. Virusi vya homa ya ini aina ya B hupita zaidi wakati wa kuzaa, mtoto anapogusana na damu ya mama. Leo tuzungumzie virusi vya tatu, ambavyo wengi wetu hatuvihesabu katika kundi hili ingawa vilitambuliwa kwa mara ya kwanza katika nchi yetu. Navyo ni virusi vya chikungunya.

Katika mwaka 1952 ulizuka ugonjwa mkali katika Jimbo la Kusini la Tanganyika, ambalo Kilwa, Lindi, Mtwara na Newala zilikuwa ndani yake. Wagonjwa walishikwa na homa ya ghafla na maumivu makali ya viungo, hata wakashindwa kusimama wima. Wamakonde wakauita chikungunya, yaani ugonjwa unaomkunja mtu. Mwaka 1955 madaktari Marion Robinson na W.H.R. Lumsden walichapisha habari zake. Uwanda wa Makonde ulikuwa na shida kubwa ya maji, hivyo watu waliyaweka majumbani mwao kwa siku nyingi; na humo ndimo alimozaliana mbu anayeeneza ugonjwa huo.

Kwa zaidi ya miaka 50 chikungunya ilichukuliwa kuwa ni ugonjwa wa kutesa viungo tu. Kisha mwaka 2004 ukazuka Lamu na Mombasa, mwaka 2005 ukafika Visiwa vya Ngazija, na kutoka huko ukaingia kisiwa cha Réunion, ambako zaidi ya theluthi moja ya wakazi waliambukizwa. Huko ndiko madaktari walikogundua jambo ambalo kila mzazi anapaswa kulijua.

Waliona kwamba mama aliyeugua miezi ya katikati ya mimba akapona, kwa kawaida hakumwambukiza mtoto. Lakini mama aliyekuwa na virusi katika damu yake wakati wa kujifungua, hatari yake ilikuwa kubwa: karibu nusu ya watoto wa akina mama hao waliambukizwa. Sababu ni kwamba uchungu unapobana, kondo hupata michubuko midogo, na damu ya mama yenye virusi huweza kupenya kumfikia mtoto. Hata waliozaa kwa kupasuliwa hawakuepuka.

Na hapa ndipo penye mtego. Watoto hao walizaliwa wazima kabisa. Walilia, wakanyonya, wakapendeza. Ugonjwa ulianza kati ya siku ya tatu na ya saba: homa, kukataa titi, kulia kila wanapoguswa, kuvimba mikono na miguu. Wengine ubongo uliathirika, wakapata degedege. Na walipochunguzwa baadaye, wengi walikuwa nyuma ya wenzao katika kusema na kutembea. Kwetu sisi, siku ya nne mama na mtoto wamekwisha rudi nyumbani, na mtoto anayekataa titi huambiwa ana mchango au amepatwa na jicho. Wakati wa kumwokoa hupita hivyo hivyo.

Wapo wafanyakazi wengi wa Dar es Salaam ambao huwapeleka wake zao Kilwa au Lindi wakajifungulie kwa mama zao. Ni desturi njema. Basi baba na bibi washirikiane katika mambo haya:

Kwanza, maji. Mbu huyu ni mweusi mwenye madoa meupe miguuni, naye huuma mchana. Hutaga mayai mtungini, katika pipa, katika gurudumu bovu na hata katika kifuu cha nazi kilichojaa mvua. Funikeni vyombo vya maji, vimwageni na kuvisugua kila juma, na fukieni vifuu.

Pili, chandarua. Mama mja mzito anapopumzika mchana, naye alale ndani ya chandarua.

Tatu, homa. Mama akishikwa na homa katika majuma ya mwisho, aende zahanati au hospitali siku hiyo hiyo, apimwe malaria, na amweleze mkunga kama viungo vinamuuma. Asimeze aspirini kwa kubahatisha.

Nne, mtoto. Mama aliyekuwa na homa wakati wa kujifungua, mtoto wake aangaliwe kwa makini siku saba kamili. Akipata joto au akikataa titi, apelekwe hospitali pasipo kungoja kesho. Dawa ya kuua virusi hivi haipo, lakini mtoto huweza kusaidiwa apewe maji, apunguziwe joto na kutulizwa degedege.

Tano, maziwa. Chikungunya haijaonekana kuambukiza kwa kunyonyesha. Mama asimwachishe mtoto titi kwa hofu.

Wazee wetu watakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, watu walipokusanyika kusikiliza redio kisha wakatoka na majembe kusafisha mazingira yao. Kazi ya kufunika mtungi ni ndogo kuliko hiyo, na haihitaji fedha wala daktari. Mwaka 2025 ugonjwa huu uliirudia Réunion kwa nguvu, baada ya kupita takriban miaka 20. Tusisubiri urudi kwetu ndipo tutafute vifuniko.