Siyo kila wimbo wa mkimbizi lazima uwe wa vita



Leo naongea waziwazi. Hapa Kawempe tuko vijana tunaochukua muziki wa gemu na kuupanga upya kwa ukulele. Hiyo ni kazi ya muziki kama kazi nyingine. Ila tukiomba msaada, tunaambiwa gemu ni mambo ya watoto. Shirika moja lilitushauri tubadilishe ombi letu, tuweke nyimbo za mateso tuliyopitia, ndipo litapita. Kwani sisi hatuna ruhusa ya kupiga kitu kwa sababu tu ni kizuri?

Tena muziki huu si wa mbali. Mwaka 2005 Mmarekani Christopher Tin alitunga "Baba Yetu" kwa ajili ya gemu la Civilization IV. Maneno yake ni Sala ya Bwana, kwa Kiswahili. Mwaka 2011 wimbo huo ulipata tuzo ya Grammy, na ndio muziki wa gemu wa kwanza kuipata. Yaani gemu lilipofika Grammy, lilifika likiongea lugha yetu! Basi mtu asituambie haya ni ya wengine.

Na kuupanga si mchezo. Ukulele iko na nyuzi nne tu: G, C, E, A. Ule wa G, ulio karibu na kidole gumba, haushuki chini kama uzi mnene wa gita; sauti yake iko juu kuliko C na E. Besi hakuna. Sasa kwaya nzima utaiingiza wapi? Inabidi uchague nini kibaki na nini kitoke. Sisi tunagawana: mmoja anachukua sauti ya kiongozi, wawili wanaitikia kwa koadi, mwingine anagonga mbao kama ngoma.

Koji Kondo naye alibanwa hivyo hivyo. Alipotunga muziki wa Super Mario Bros. mwaka 1985, mashine ya Nintendo ilikuwa na njia tano tu za sauti, na moja ilikuwa ya kelele tupu. Mwaka 2023 Maktaba ya Bunge la Marekani iliuingiza muziki huo kwenye orodha ya rekodi za kutunzwa. Kufanya kikubwa kwa vichache, sisi wakimbizi wa mjini tunakujua. Sheria ya Uganda ya 2006 inaturuhusu kufanya kazi, lakini kodi ya chumba na chakula kila mtu anajitafutia.

Wazazi wanaogopa, na wako na haki. Chumba cha gemu kinaweza kumeza siku nzima ya kijana. Ila anayepanga muziki hachezi gemu: anarudia kipande kifupi mara ishirini, anahesabu mapigo, anatafuta noti, anamsubiri mwenzake. Mkongomani, Mrundi na jirani Mganda wote wanaijua ile ya Mario, hata mkalimani hahitajiki.

Nanyi wa mashirika mnasema bajeti inadai matokeo. Sawa. Lual Mayen alikulia kambini kaskazini mwa Uganda. Mama yake alidunduliza pesa miaka mitatu, akamnunulia kompyuta ya dola 300. Leo Lual anatengeneza gemu, likiwemo Salaam, gemu la amani. Angalieni mpangilio: kifaa kilikuja kwanza, ujumbe akautafuta mwenyewe.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo. Kwenye fomu zenu, karibu na swali la yaliyotukuta, wekeni na swali la tunachojua kufanya. Na wewe kijana mwenzangu, usingoje fomu. Ukulele moja inatosha watu wanne wakipeana zamu, na ukihamishwa nyumba inaingia kwenye begi. Chagua gemu unalolipenda, anza na noti nane za kwanza. Stori ya vita utaisimulia siku ukitaka wewe.