Visiwa Vina Wenyewe

Tarehe 15 Novemba, 2023, Marekani ilikigeuza kikosi chake cha mizinga kilichoko Okinawa, Japani, kuwa kikosi cha mwambao. Badala ya jeshi kubwa kuteremka pwani kwa pamoja, makundi madogo yenye rada na makombora ya kupigia meli yatatawanywa visiwani, yakihamahama ili yasigunduliwe.

Kijeshi hoja hiyo ina uzito, kwani makombora ya leo hufika mbali na msafara mkubwa wa meli ni shabaha rahisi. Lakini askari huhama. Mvuvi na shamba lake hubaki. Vita vya Okinawa vya mwaka 1945 viliua watu wapatao 200,000, karibu nusu yao wakiwa raia.

Mwezi Machi, 2025, Serikali ya Japani ilitangaza mpango wa kuwahamisha watu wapatao 120,000 kutoka visiwa vya Sakishima kwa siku sita. Ni hatua njema, lakini vyombo vya kuwachukua havina budi kuwa tayari kabla ya hatari.

Tunasisitiza kwamba popote silaha ziwekwapo visiwani, wenyeji washauriwe kwanza na mahandaki yao yatangulie makombora. Wapiganapo tembo, nyasi huumia.