Sadaka Isigeuzwe Kodi

Katika barua na mazungumzo yanayotufikia kutoka vijiji vya Milima ya Uluguru, limekuwa likijirudia jambo moja ambalo si la barabara wala si la bei ya kabichi. Ni jambo la michango ya kanisani. Wananchi hawalalamiki kwamba wanatoa. Wanalalamika kwamba wanatozwa. Baina ya maneno hayo mawili pana umbali mkubwa kuliko ule wa kutoka Mgeta hadi Morogoro mjini, na leo twataka kuutembea umbali huo pamoja na wasomaji wetu.

Kwanza tuseme wazi kwamba gazeti hili halina ugomvi na utoaji. Kanisa la mlimani halikujengwa kwa maneno. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walipofika Bagamoyo mwaka 1868, kisha wakapanda bara hadi Mhonda mwaka 1877, Morogoro mwaka 1882 na Matombo mwaka 1897, sehemu kubwa ya gharama zao ilitoka Ulaya, zikiwamo sarafu walizochangishwa watoto wa Ufaransa kwa ajili ya kuwakomboa watoto wa Afrika waliouzwa utumwani. Fedha hiyo ilifanya kazi njema, lakini pia ilitujengea mazoea ya kungoja meli. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilipowafundisha Watanzania kwamba fedha ni matunda ya jasho na wala si msingi wa maendeleo, makanisa nayo yalijikuta yakiulizwa swali hilo hilo. Mwaka 1974, huko Lusaka, Mkutano Mkuu wa Baraza la Makanisa ya Afrika Yote ulithubutu kutaka misaada ya fedha na wamisionari kutoka ng'ambo isitishwe kwa muda, ili Waafrika wajifunze kusimama kwa miguu yao. Wengi walitikisa vichwa. Leo mawe na mchanga wa vigango vingi vya Uluguru umepandishwa mlimani juu ya vichwa vya akina mama, na hakuna aliyewafuata na fimbo.

Yeyote asiyeamini kwamba Mluguru anajua kutoa kwa hiari, na ahudhurie mnada wa sadaka. Desturi hiyo inajulikana zaidi kwa ndugu zetu Walutheri, ingawa si wao peke yao walio nayo. Ibada ikiisha, watu hawatawanyiki. Mzee wa kanisa husimama mlangoni, na mbele yake vimepangwa vitu vilivyoletwa madhabahuni: mkungu wa ndizi, kuku aliyefungwa miguu, mafungu ya njegere, mayai matatu katika kibakuli, mzigo wa miwa. Mwenye vitu hivyo hakuwa na fedha taslimu ya kutia kapuni, akaleta alichojaliwa na shamba lake. Mzee hutaja bei ya kuanzia, mmoja huongeza, mwingine humpita, utani hupigwa, na mara nyingi aliyeshinda huurudisha mkungu ule uuzwe tena, au huagiza upelekwe nyumbani kwa mjane fulani.

Twakiri kwamba twaupenda mnada huu. Mkulima wa Mgeta anayeshusha mboga zake hadi Soko la Chifu Kingalu hupangiwa bei na dalali, hushurutishwa kufunga lumbesa ingawa sheria ya vipimo yaikataza, na jioni hurudi mlimani akihesabu nauli. Siku ya Jumapili mazao yale yale hugombewa. Pengine ni hapo tu, katika juma zima, ambapo jasho lake hupandishwa bei mbele ya macho yake mwenyewe.

Lakini hata mnada una ugonjwa wake. Yai moja linaponunuliwa kwa maelfu ya shilingi, na kipaza sauti kikalitaja jina la mnunuzi mara tatu, kinachouzwa pale si yai tena. Injili yasimulia kwamba Yesu aliketi kulielekea sanduku la hazina akimtazama mjane aliyetia senti zake mbili. Alimsifu, ila jina lake hakulitaja, na hadi leo hatulijui. Wasoma orodha wetu wangefaa kulifikiri hilo kabla ya kukiwasha kipaza sauti.

Sasa tuje kwenye kodi. Katika parokia na mitaa mingi muumini anayo kadi au bahasha yenye namba. Humo huandikwa zaka, mchango wa ujenzi, wa nyumba ya mchungaji au padre, wa jubilei, wa gari, wa kumkaribisha askofu, wa kwaya na wa jumuiya. Jumuiya ndogo ndogo, ambazo maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki walizifanya kuwa nguzo ya uchungaji katika miaka ya 1970, zilikusudiwa kuwa mahali pa majirani kusali na kusaidiana. Katika baadhi ya vijiji zimegeuzwa vituo vya makusanyo, na mwenyekiti wake amekuwa karani wa madeni. Siku hizi hata namba ya kulipia kwa simu imebandikwa ukutani, karibu na tangazo la ndoa. Hilo peke yake si kosa. Kosa ni pale kadi inapoulizwa kwanza mtoto anapoletwa kubatizwa, na ni kosa kubwa zaidi inapoulizwa siku ya msiba.

Tumepata kusimama katika msiba mmoja wa namna hiyo, kijijini ambako hatutakutaja. Marehemu alikuwa bibi mzee aliyesali kanisani tangu utoto. Maiti ilikuwa ndani, akina mama wanalia, na nje chini ya mwembe wanaume walikuwa wakichangishana haraka haraka ili kufuta deni la miaka miwili lililoonekana katika kadi yake, maana walikuwa wameambiwa kwamba bila hivyo hapatakuwa na ibada. Deni lililipwa, ibada ikafanyika, nyimbo zikaimbwa. Lakini vijana waliokuwa wameshika majembe hawakuingia kanisani siku ile, na hatujui kama wameingia tangu hapo.

Wanaofanya hivyo hawawezi kujificha nyuma ya sheria. Sheria za Kanisa Katoliki za mwaka 1983 ziko wazi. Kanuni ya 848 yamkataza mhudumu kudai zaidi ya kilichowekwa na mamlaka halali, na yamwagiza aangalie daima kwamba mhitaji hanyimwi sakramenti kwa sababu ya umaskini wake. Kanuni ya 1181, inayohusu mazishi, yataka pasiwepo upendeleo wa watu, wala maskini wasikoseshwe maziko yanayowastahili. Haya hayakuandikwa na sisi wa magazeti. Yameandikwa Roma, na kila padre ameyasoma seminarini.

Wakubwa wa makanisa wakumbuke pia kwamba watu wa milima hii wanayo kumbukumbu ndefu. Mwaka 1955 serikali ya kikoloni iliwashurutisha kuchimba matuta ya ngazi kwenye miteremko ya Uluguru. Matuta yenyewe huenda yalikuwa na manufaa kwa udongo, lakini shuruti ilizaa ghasia kule Matombo, mtu mmoja akapigwa risasi na polisi akafa, na mpango ukaachwa. Katika miaka ya baadaye wengi wetu tuliwaona mgambo wakiwavizia wananchi alfajiri kwa ajili ya kodi ya maendeleo, watu wazima wakilala porini kuikwepa, mpaka kodi hiyo ilipofutwa mwaka 2003. Serikali imeacha kumkimbiza kabwela kwa kodi ya kichwa. Itakuwa ajabu kanisa likiiokota fimbo iliyotupwa.

Kuna na suala la majira. Michango mingi hupangwa na kamati za mjini, kwa kalenda ya mshahara wa mwisho wa mwezi. Mkulima hana mwisho wa mwezi. Kumdai wakati mahindi yangali machanga ni kumtuma kwa mkopeshaji, au kumfanya auze mazao yangali shambani kwa nusu ya thamani yake. Anayejua hayo na bado akatangaza tarehe ya mwisho anamnyonya mtu huyo, hata kama anafanya hivyo akiwa amevaa kanzu nyeupe.

Wapo wanaotuambia kwamba makanisa ya zamani yana nafuu, kwa kuwa hatari yenyewe iko kwa wale wanaouza mafuta, maji na vitambaa. Hatukatai kwamba hatari hiyo ni kubwa. Tarehe 1 Februari 2020, katika uwanja mmoja wa Moshi, watu 20 walikufa kwa kukanyagana wakiyakimbilia mafuta yaliyoitwa ya upako. Julai 2024 Msajili wa Jumuiya alilifutia usajili kanisa moja la Buza, Dar es Salaam, ambalo miongoni mwa tuhuma zake ni kuwatoza waumini shilingi 500,000 ili waombewe. Biashara ya namna hii si ngeni: mwaka 1517 Martin Luther alisimama kuipinga huko Ujerumani, vyeti vya rehema vilipokuwa vikiuzwa na sehemu ya fedha ikipelekwa kujenga Basilika la Mtakatifu Petro. Wala bei kuwa ndogo si kinga. Mwaka 2011 kikombe cha dawa kule Samunge, Loliondo, kilikuwa cha shilingi 500 tu, lakini wapo waliouza mbuzi na mashamba kulipa nauli ya kwenda kukinywa. Hata hivyo twauliza: anayeuza chupa ya mafuta na anayeuza ibada ya mazishi wanatofautiana wapi? Yule wa chupa angalau hutaja bei mapema.

Jingine ni la wageni rasmi. Harambee isiyo na mwanasiasa imekuwa kama ngoma isiyo na mpigaji. Novemba 2024, jirani zetu wa Kenya walishuhudia Askofu Mkuu wa Nairobi, Philip Anyolo, akiagiza mamilioni ya shilingi aliyotoa Rais katika kanisa moja la jijini humo yarudishwe. Wapo waliouona uamuzi ule kuwa ni kiburi. Sisi twauona kuwa ni ujasiri, na tungependa kuuona huku kwetu siku mheshimiwa atakapopanda Uluguru na bahasha wiki chache kabla ya kura.

Tunalopendekeza halihitaji semina. Amri ya kuomba kadi ya michango kabla ya maziko na ifutwe, kwa barua, isomwe katika kila kigango na kila mtaa, ili katekista asije akadai kwamba hakuambiwa. Michango mingine yote ipangwe pamoja na wakulima wenyewe, baada ya mavuno, na atakayeleta ndizi zake zipokewe kama fedha. Tena hesabu zibandikwe mlangoni: kiasi gani kiliingia, kilitumika wapi, nani alitia sahihi. Kanuni ya 1287 nayo yawataka wasimamizi wa mali ya kanisa wawape waamini hesabu ya walichotoa. Mama aliyepandisha ndoo ya mchanga hadi kwenye kigango anayo haki ya kujua kwa nini, baada ya miaka saba, paa halijaezekwa.