Tumlipe Fundi kwa Kutafuta



Mkarafuu ukinyauka, mkulima hakimbilii kununua mbolea. Kwanza hutazama shina na mizizi. Lakini motokaa ikiugua twafanya kinyume: twamlipa fundi kwa vipuri alivyotia, wala si kwa ugonjwa alioupata. Rai yangu ni kwamba desturi hii yatutia hasara, na siku moja itatutia msiba.

Mwaka jana nilivuka kwenda Tanga, nikaazima motokaa kuukuu ya petroli ya shemeji yangu. Ikisimama ilitetemeka na kuzimika. Ukikanyaga mafuta, ikatulia. Ilikwisha tiwa kabureta mpya na plagi mpya, na ugonjwa ulikuwa pale pale.

Kumbe ni mpira uliopasuka. Injini ya petroli yenye kabureta huvuta hewa kupitia humo, ikachanganywa na mafuta kwa kipimo. Pakiwa na upenyo baina ya kabureta na injini, huingia hewa isiyopimwa, na mafuta hayatoshi. Kabureta mpya haiponyi hayo.

Mpira wenyewe ulikuwa wa busta ya breki. Katika motokaa kama Peugeot 504, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1968, mvuto wa injini ndio humsaidia dereva kufunga breki. Mvuto ukipotea, pedali huwa ngumu. Wenzetu wa Muheza huteremsha karafuu kutoka Amani, mita 900 hivi juu ya bahari, kwa njia ya kona nyingi. Mtu asingoje kuugundua ugonjwa huu pale.

Basi kabla ya kununua kitu, fundi na asikilize mluzi injini ikiwaka. Abane mipira mmoja mmoja. Anyunyize maji kidogo, kamwe si petroli, penye gasketi za kabureta na manifoldi. Mngurumo ukibadilika, upenyo upo hapo. Kisha azime injini, akanyage breki mara kadhaa hata iwe ngumu, aishikilie, ndipo awashe. Pedali yapasa ishuke kidogo. Isiposhuka, motokaa isitoke.

Mara nyingi dawa ni mpira mpya, gasketi, au kukaza nati kwa usawa. Gharama yake ni ndogo. Kazi kubwa ni ya kutafuta, na hiyo ndiyo tuilipe, hata kama fundi hakuuza kipuri chochote.

Ni mimi mwanachama mwenzenu.