Usilijaribie hema lako Loiyangalani

Likizo ikikaribia, makundi ya WhatsApp hujaa mipango. Mmoja anaandika, "Turkana, nani ako ndani?" na kabla ya jioni mbogi ya watu kumi imejiandikisha, ingawa siku ya kutuma pesa watabaki sita. Sisi tunaupenda mtindo huu. Ni vizuri kijana aijue nchi yake kwa macho yake mwenyewe, si kwa kioo cha simu pekee. Lakini kuna jambo ambalo hatulizungumzii mpaka mambo yaharibike: vifaa tunavyobeba.

Mimi upepo na jua ndivyo vilivyonifunza.

Tulikuwa watu sita katika van moja, kutoka Nairobi hadi Loiyangalani, safari ya zaidi ya kilomita 500. Mpaka Laisamis ni lami. Gari linateleza, muziki uko juu na kila kifaa kinaonekana fiti. Mambo yaligeuka tulipoacha lami kuelekea South Horr. Barabara ya murram yenye matuta madogo madogo hulitikisa gari kama ungo wa kupepetea mchele, saa baada ya saa. Mitungi yetu ya maji, ile ya plastiki nyepesi tuliyoichagua kwa sababu ya bei, ilisuguana mpaka mmoja ukapasuka ubavuni. Lita 20 zikaishia kwenye mifuko ya kulalia. Nati za keria zikalegea. Kisha tairi la nyuma likapasuka, na tulipoitoa spea, tukakuta haina upepo.

Tulikaa hapo saa nne juani tukigawana maji kwa kikombe. Dereva mmoja wa lori ndiye aliyesimama, akaijaza spea yetu kwa mpira wa upepo wa lori lake, na akakataa pesa. Alituuliza swali moja tu: "Nyinyi watoto wa Nairobi, mliangalia nini kabla ya kutoka?"

Hatukuwa na jibu. Ukweli ni kwamba tuliangalia rangi ya mahema.

Usiku huo hata rangi haikutusaidia. Upepo wa Loiyangalani si mchezo. Si bure eneo hilo likachaguliwa kujengwa mitambo 365 ya upepo yenye uwezo wa megawati 310. Hema langu lilikuwa jipya, la Sh6,500, nililonunua mtandaoni, nusu ya pesa ikiwa mkopo wa simu. Muuzaji aliandika kwamba linastahimili "hali zote za hewa". Kufikia usiku wa manane, ufito mmoja wa faibaglasi ulikuwa umepasuka na kutoboa kitambaa. Vigingi vyembamba kama waya vilijikunja kwenye mawe meusi ya volkano. Niliporudi Nairobi kulalamika, muuzaji alikuwa amenifungia namba. Mkopo wenyewe haukufungiwa. Niliulipa wote, na riba juu.

Hema lililosalia lilikuwa la mtumba kutoka Gikomba. Rangi imepauka, pembe moja imetiwa kiraka na fundi, lakini fito zake ni za aluminiamu, ambazo upepo ukizidi hupinda badala ya kupasuka. Mwenye hema hakuhangaika na vigingi. Alilifunga kwa kamba kwenye mawe mazito. Kulipopambazuka lilikuwa limesimama wima.

Hatusemi kwamba mtumba hushinda kipya kila mara. Kuna mahema ya mtumba yaliyochomwa na jua miaka mingi hata kitambaa kinachanika ukikivuta kidogo. Tunachosema ni kwamba sura na bei havitoshi kukuambia kifaa kitafika wapi. Kijaribu nyumbani, mahali ambapo kikiharibika hasara yake ni kicheko tu.

Lisimamishe hema uani au uwanjani wiki mbili kabla ya safari. Limwagie ndoo mbili za maji, kisha ingia ndani na upapase mishono. Soma lebo: ukiona 1,500mm au 3,000mm, hicho ni kimo cha maji ambacho kitambaa kinaweza kubeba kabla ya kuanza kuvuja, na namba kubwa ndiyo bora. Kama muuzaji hajui namba hiyo wala fito ni za nini, anauza picha.

Pawabanki nayo ina hadithi yake. Hata ile ya kweli ya 20,000mAh hukupa takriban theluthi mbili tu kwenye simu, kwa hivyo usipange siku tatu kwa hesabu ya karatasi. Wala usiiache kwenye gari lililofungwa juani, kwa maana joto huiharibu betri.

Kisha kuna mambo ambayo hayapigwi picha. Kwenye ubavu wa tairi, tafuta tarakimu nne mwishoni mwa msimbo wa DOT: 2319, kwa mfano, ni tairi la wiki ya 23 ya mwaka 2019. Pima upepo wa spea. Ishushe jeki na uitumie kweli, usiitazame tu. Bebeni maji katika mitungi migumu, angalau lita tano kwa kila mtu kwa siku, pamoja na akiba. Na baridi ikiwapata, msiingize jiko la makaa ndani ya hema kamwe. Hewa yake ya sumu haina harufu, na wanaolala nayo huenda wasiamke.

Wapo watakaosema tunaharibu raha, kwamba utamu wa safari ni kutojua kitakachotokea. Tunawaelewa. Tairi likipasuka leo huwa ni hadithi tamu mwezi ujao. Lakini hadithi hiyo huwa tamu kwa sababu kuna lori lililopita. Barabara ile kuna saa ambazo halipiti gari lolote.

Wauzaji nao wasijifiche nyuma ya picha nzuri. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa na maelezo ya kutosha kuzihusu. Anayeandika "hali zote za hewa" na kumfungia mteja namba anaivunja haki hiyo. Nasi wanunuzi tuhifadhi risiti na picha za tangazo, tulalamike, na tuache kumlipa mtu kabla hajajibu maswali.

Na si lazima kila mmoja awe na kila kitu. Watu sita hawahitaji mahema sita ya mkopo. Mahema mawili mazuri ya kuchangia au ya kukodisha yanatosha, na chapaa inayobaki iende kwenye tairi na maji.

Kwa hivyo mtu akiandika tena, "Turkana, nani ako ndani?" usijibu kwa emoji ya moto. Muulize spea iko na upepo, na mahema yamesimamishwa wapi mara ya mwisho.