Nauli rahisi, orodha ya hila

Jamani, kubanwa magoti kwenye ndege za bei nafuu mimi navumilia. Viti vya Ryanair havilali nyuma, sawa: nauli ndogo, nafasi ndogo. Hata bosi wao Michael O'Leary aliposema mwaka 2009 kwamba anafikiria kutoza pauni 1 kwa choo, angalau alilisema hadharani (na ada hiyo haikuwahi kuanza).

Kinachoniudhi mimi mwandishi wa programu ni tovuti. Sheria ya Umoja wa Ulaya nambari 1008 ya mwaka 2008 ilitaka nyongeza zote za hiari zichaguliwe na abiria mwenyewe. Kwa hiyo kisanduku kilichotiwa alama mapema kikawa marufuku. Ryanair wakafanyaje? Asiyetaka bima ya safari alilazimika kufungua orodha ya nchi na kusaka chaguo la kusafiri bila bima, lililofichwa kati ya Latvia na Lithuania!

Hilo si kosa la programu. Orodha haijipangi. Kuna mkubwa aliyeagiza, na kuna mwenzetu aliyeketi akaiandika, akaijaribu, akasema iko tayari.

Mtasema abiria asome vizuri kabla ya kubonyeza. Lakini hata makanga wa matatu, pamoja na ujanja wake wote, hukutajia bei ya gunia kabla hujapanda.

Tozeni mzigo, tozeni kiti, tozeni chai. Lakini kitufe cha "hapana" kiwe kikubwa sawa na cha "ndiyo". Na wewe unayekiandika, ukiambiwa ukifiche, kataa.