Tukifunga Huduma Usiku, Tunaziba Ufa

"Mpendwa mteja, huduma zetu hazitapatikana kuanzia saa saba usiku hadi saa kumi alfajiri." Ujumbe kama huu ukiingia, wengi hukasirika. Tunaelewa: mgonjwa hangoji, na bodaboda wa usiku hapokei ahadi. Lakini msimamo wetu ni huu: afadhali saa tatu bila huduma kuliko mfumo wenye ufa unaojulikana.

Ufa gani? Chukua sudo, programu inayotumika kwenye kompyuta nyingi za Linux. Humruhusu mtumiaji wa kawaida kutumia mamlaka ya msimamizi, iwapo tu amepewa ruhusa. Ni kama keateka wa ploti anayetunza funguo za vyumba vyote. Tarehe 26 Januari 2021, kampuni ya usalama ya Qualys ilitangaza kuwa sudo ilikuwa na kasoro tangu Julai 2011. Yeyote aliyeshaingia kwenye kompyuta, hata bila ruhusa ya sudo, angeweza kujipandisha cheo akawa msimamizi mkuu. Yaani mpangaji wa chumba kimoja anajipatia funguo za ploti nzima! Januari 2022, kasoro ya aina hiyo ikatangazwa kwenye pkexec. Hiyo ilikuwepo tangu 2009.

Dawa ilitolewa, sawa. Ila tangazo la kasoro husomwa na wezi pia, na mbio huanza siku hiyo hiyo. Ndiyo maana hatukubaliani na wanaosema, "Si mngoje kwanza mishahara ipite?" Mwizi hangoji mishahara ipite. Anaingojea iingie.

Sisi nasi tuna deni kwenu. Tuwaarifu mapema, tuchague saa ambazo wachache wanatuma pesa, na tuseme sababu. Neno "matengenezo" peke yake halitoshi.

Na simu yako je? Kanuni ni ile ile. Sasisho la mfumo likifika, liweke leo, usiahirishe kila jioni. Usipakue programu kupitia linki ya SMS. Na programu ya tochi ikikuomba ruhusa ya ufikivu, kataa, kwa sababu ruhusa hiyo inaweza kuiwezesha kusoma skrini yako na kubonyeza kwa niaba yako. Tochi inahitaji kuwasha taa tu. Salio lako haliihusu.